Sitara ya Mpita Njia

Kiswahili chetu husema kupiga picha. Picha haichukuliwi wala haivutwi; hupigwa, kama vile apigwavyo mtu. Kwa miaka mingi sikuona ajabu katika neno hilo, mpaka aliponijia mtu niliyekuwa nimempiga.

Mimi si mpigapicha wa kazi. Nilikuwa mwalimu, na baada ya kustaafu nilinunua kamera ndogo nikawa nazunguka nayo mjini Mombasa: Marikiti, Mwembe Tayari, kivuko cha Likoni alfajiri. Picha zangu niliziweka mtandaoni kwa jina ambalo si langu. Nilijiambia kwamba sipendi sifa. Moja kati yake ilipendwa kuliko zote. Ni picha ya hamali wa soko la Kongowea, gunia la viazi mgongoni, mishipa ya shingo imemtoka, macho yanatazama ndani ya kamera. Chini yake niliandika neno moja, "Ushujaa". Watu wakaisambaza.

Miezi miwili baadaye alikuja nyumbani. Nadhani vijana wa sokoni walimwelekeza kwa mzee mwenye kofia na kamera. Aliniamkia kwa adabu, akakaa barazani, akakataa chai.

"Mzee wangu, picha ni nzuri," alisema. "Ila nyumbani wanajua mimi ni karani wa ghala."

Binti yake alikuwa ameanza chuo mwaka ule. Aliionyeshwa picha na wenzake, nao hawakujua ni ya nani, waliisifu tu. Yeye akamtambua baba yake. "Hakunicheka," yule bwana alisema. "Alilia. Afadhali angenicheka."

Mpenzi msomaji, jibu la kwanza lililonijia moyoni lilikuwa la kujitetea: nani alikwambia umdanganye mwanao? Kazi ya hamali ni halali, tena ni ya heshima. Lakini heshima hiyo niliigawa mimi, niliyekaa kivulini. Yeye alikuwa ameshaamua jinsi ya kumlea mwanawe asijione mzigo kila anapokula ada ya baba. Wahenga wetu walikuwa na neno zuri kwa jambo hili: sitara. Sitara si uongo. Ni nguo. Mtu aliyevaa nguo hamdanganyi mtu kuhusu mwili wake.

Na mji, waama, ni sitara kubwa. Kijijini kila mtu anakujua ulivyoamka. Mjini unaweza kubeba magunia asubuhi, ukaoga, ukavaa shati jeupe na kupanda matatu kama karani. Watu elfu wamekuona, na hakuna aliyekuona. Hapo ndipo hoja ile kwamba "alikuwa hadharani, basi uso wake ni wa wote" inapokosea. Kuonwa na wapita njia ni jambo linalopita pamoja nao. Picha haipiti.

Wakubwa wa sanaa hii walilijua hilo. Walker Evans, kati ya 1938 na 1941, alipanda treni za chini ya ardhi za New York na kamera iliyofichwa ndani ya koti, lenzi ikichungulia kati ya vifungo, waya wa kufyatulia umepita ndani ya mkono wa koti. Nyuso alizozipata ni za ajabu, hakuna aliyejitengeneza. Kitabu cha picha hizo hakikutoka hadi 1966. Robo karne! Mimi sikungoja hata jua litue.

Lakini anayenisumbua zaidi ni Vivian Maier. Alikuwa yaya huko Chicago, akilea watoto wa watu kwa miongo kadhaa, na siku zake za mapumziko akipiga picha mitaani. Alipenda kamera ya Rolleiflex, ambayo hushikwa kifuani na kutazamwa kwa juu, hata anayepigwa haoni jicho linalomlenga. Aliwapiga walevi, matajiri, watoto wanaolia. Yeye mwenyewe alitaka chumba chake kiwe na kufuli, na aliwahi kujitambulisha kwa jina la V. Smith. Mwaka 2007 vitu vyake vilivyokuwa ghalani vilipigwa mnada kwa kuwa kodi haikulipwa. Alifariki Aprili 2009, na mwaka huohuo picha zake zikaenea mtandaoni. Zilibaki negativu zaidi ya 100,000. Leo dunia nzima inamjua mwanamke aliyefanya kila awezalo asijulikane, na watu wamechambua hata risiti zake. Hakuna aliyemwuliza, kama naye alivyokuwa haulizi. Nazitazama picha zake, nazipenda, na naona haya kuzipenda.

Sheria haikunisaidia sana. Kati ya 1999 na 2001 Philip-Lorca diCorcia alifunga taa juu ya njia ya watu pale Times Square, akawapiga wapita njia kutoka mbali. Mmoja wao, mzee wa Kiyahudi, alishtaki kwamba imani yake imevunjiwa heshima. Mwaka 2006 mahakama ya New York ikaikataa kesi, ikisema ile ni sanaa. Kwetu Kenya kuna sheria ya kulinda data ya mwaka 2019, na mwaka 2023 klabu moja ya starehe ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Lakini mimi sikuwa nauza bia. Nilikuwa nasifu. Sijui ni kifungu gani kinachomlinda mtu dhidi ya sifa.

Wako watakaosema: omba ruhusa kwanza. Nimejaribu. Mtu akiombwa hunyoosha kola, akavaa uso wa studio, na ile picha niliyoitaka inakufa. Zamani hilo lilinikera. Siku hizi nauona uso ule wa studio kuwa ndio mtu mwenyewe anavyotaka kukaa machoni pa watu, na sina hakika tena kwamba uso wa pili ndio wa kweli.

Picha niliifuta mbele yake. Alinitazama kwa upole, kama mtu anayemtazama mtoto akizoa maji yaliyomwagika, kisha akanionyesha simu yake: iko kwa wengine kumi, na neno langu la "Ushujaa" chini yake.

Alipofika langoni aligeuka, akauliza niitwe nani, ili amwambie binti yake aliyezungumza naye. Nilikuwa nimeshalitaja lile jina la mtandaoni kabla sijatambua.