MISALI NI AMANA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeumba bahari na vilivyomo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad:

Enyi ndugu zetu Waislamu, magharibi ya Pemba, upande wa Chake Chake, kipo kisiwa kidogo kiitwacho Misali. Wazee wetu wamepokea kwamba Nabii Hadara alifika hapo akataka msala wa kusalia. Ulipokosekana, akasema kisiwa chenyewe ndicho msala wake, kwa kuwa kimeelekea kibla. Hiyo ni hadithi ya wazee, si hoja ya sharia. Lakini adabu yake ni njema, kwani hapana Mwislamu atupaye taka juu ya msala wake.

Katika mwaka 1998 Misali na maji yake viliwekwa chini ya hifadhi, na katika mwaka 2005 vikaingizwa katika hifadhi kubwa ya mkondo wa Pemba. Ipo sehemu isiyovuliwa kabisa, na sehemu nyingine huvuliwa kwa vyombo visivyoharibu.

Wako wasemao: “Bahari ni ya Mungu, nani wa kunizuia?” Kweli ni ya Mungu, na kwa hiyo si yako. Wewe ni khalifa tu, na khalifa ataulizwa.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipiga mfano wa watu waliopanda chombo, baadhi yao juu na baadhi chini. Wa chini walipochoka kupanda juu kuteka maji, walitaka kutoboa sehemu yao. Wakiachwa, wote wataghariki. Wakizuiwa, wote wataokoka. Nani aujuaye mfano huu kuliko nyinyi wana wa pwani? Arushaye baruti, na atiaye utupa, na avunjaye matumbawe kwa kigumi, hao ndio watoboao chombo. Tumbawe zito hukua kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka. Alivunjalo mtu kwa dakika moja, mjukuu wake hatalikuta. Na kasa hutaga kadiri ya mayai 100 kwa mara moja, na mtoto wake hupita miaka 20 au zaidi kabla ya kutaga yeye. Achukuaye mayai hayo leo, ameiba chakula cha watu ambao bado hawajazaliwa.

Wako pia wasemao: “Watoto wangu wana njaa.” Neno hili si la kudharauliwa, na jawabu lake liko katika dini yetu. Mtume aliharimisha Madina, miti yake isikatwe wala mawindo yake yasiwindwe. Akaitenga Naqii kuwa hima kwa farasi wa Waislamu. Hima haikuwa ya matajiri. Sayyidna Umar alimwamuru mlinzi wa hima amruhusu mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awazuie wanyama wa wakubwa wenye mali. Basi mlinzi amzuiaye mwenye dema na mshipi, kisha akamwachia mwenye juya kwa hongo, huyo ni khaini wa amana. Na fedha itolewayo na wageni, haki ya wavuvi iliyomo iwafikie wenyewe. Na wewe mvuvi, elewa kwamba samaki waachwao wazae mahali palipofungwa, hutoka wakaenda palipofunguliwa, na hapo ndipo mtego wako ulipo.

Aendaye kuzuru Misali na aende kwa kuzingatia, kama tulivyoamrishwa kuitazama kazi ya Mola wetu. Asikanyage matumbawe, asimulike kasa apandaye kutaga, asiwashitue popo katika miti yao, na alichokwenda nacho arudi nacho. Akiona munkari, aukataze kwa maneno mema, wala asinyamaze kwa kuwa mtendaji ni jamaa yake. Katika chombo kinachozama hapana jamaa.

Mtume wetu amefundisha kwamba mtu akifikiwa na Kiyama naye ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Ikiwa hiyo ndiyo amri kwa aliyebakiwa na saa moja, je, sisi tuliopewa umri?

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wenye kuchunga amana, wala usitujaalie kuwa wenye kufisidi katika ardhi. Amin.