Mvua Haichezewi

Zipo programu za kompyuta ambazo hazina kazi yoyote. Hazihesabu, hazichapi barua, wala hazitunzi kumbukumbu. Mojawapo inaitwa Xsnow. Ukiiwasha katika kompyuta inayotumia Linux, chembe nyeupe za theluji huanza kushuka kutoka juu ya kioo, pole pole, zikisukumwa huku na huku na upepo usiouona. Misonobari midogo husimama nyuma ya kazi zako. Theluji hutua juu ya kila dirisha ulilolifungua, ikajilundika pale kama vumbi juu ya kabati, na mara kwa mara Baba Krismasi hukatiza angani akivutwa na kulungu wa nchi za baridi. Ni hayo tu. Mtu anaweza kuandika ripoti yake ya mwezi huku theluji inalundikana juu ya aya ya kwanza.

Kwa mkazi wa Dodoma jambo hili lina kichekesho chake. Desemba kwetu ni mwezi wa joto na wa kungoja. Mji huu hupata wastani wa milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Krismasi inapofika, mkulima wa Bahi au Chamwino amekwisha safisha shamba, mbegu za uwele na mtama ziko tayari, naye kila jioni anasimama nje ya nyumba akiyapima mawingu kwa macho. Ndani ya ofisi za mjini feni inazunguka, nje vumbi jekundu linapita, na kwenye kioo cha kompyuta theluji inaanguka bila kukoma.

Wengi wakiliona hilo husema neno moja: kasumba. Husema tumeiga sikukuu ya Wazungu pamoja na hali ya hewa yao. Mimi naona hukumu hiyo ni ya haraka mno, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba theluji si mgeni katika nchi hii. Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann aliona kilele cheupe cha Kilimanjaro. Alimwuliza kiongozi wake wa njia kile cheupe ni kitu gani, na yule bwana akamjibu kwamba hakijui, ila anadhani ni baridi. Nalipenda sana jibu hilo. Sijui kama mwanasayansi angelijibu vizuri zaidi kwa neno moja. Habari zilipofika Ulaya, William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia wa London ambaye hakuwahi kukanyaga huku, alikataa katakata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Hata mwaka 1862, Baron Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipoangukiwa na theluji huko huko mlimani, Cooley hakushawishika. Basi tulikuwa na theluji ya kweli, na mabwana wa vitabu wakaikana. Leo tunaletewa ya bandia na hakuna anayebisha. Na ile ya kweli inatuaga: kati ya barafu iliyofunika Kilimanjaro mwaka 1912, kiasi cha asilimia 85 ilikuwa imetoweka ilipofika 2007. Mtu wa Machame anayeitazama theluji ikidondoka kwenye kompyuta Dodoma huenda asione mzaha hata kidogo.

Sababu ya pili ni kwamba hata wenye kuitengeneza theluji hii hawakuwa nayo tele. Xsnow ni kazi ya Rick Jansen wa Uholanzi, ambaye aliitoa kwanza mwaka 1984 kwa kompyuta za Macintosh ikiwa kama kadi ya salamu. Mwaka 1993 ikahamishiwa katika mfumo wa X, ambao Linux nayo huutumia, na katika miaka ya karibuni Willem Vermin ndiye aliyeiendeleza. Uholanzi ni nchi ya mvua na ukungu. Krismasi yenye theluji huko ni bahati ya nadra, jambo ambalo watu hulizungumzia kuliko wanavyoliona. Hata ule wimbo wa Irving Berlin, White Christmas, uliorekodiwa na Bing Crosby mwaka 1942, katika beti yake ya utangulizi ambayo waimbaji wengi huiruka, msimuliaji yuko California kwenye jua. Kwa hiyo theluji ya sikukuu, kule ilikozaliwa, ni picha ya kitu kinachotamaniwa.

Hapo ndipo swali langu linapoanza, na halikuanzia vitabuni. Ninatunza chumba chenye kompyuta chache za zamani ambazo wanafunzi hujifunzia. Kijana anayenisaidia huwasha Xsnow kila Desemba. Mwaka mmoja alinijia na pendekezo. Programu hii, alisema, iko chini ya leseni huru: mtu yeyote anaruhusiwa kuifungua, kuyasoma maandishi yake ya ndani, kuyabadilisha na kuwagawia wengine. Kwa nini basi sisi tuendelee na misonobari? Yeye angeweka mibuyu. Badala ya theluji angeweka mvua, maana hicho ndicho tunachokitamani sisi mwezi wa Desemba kama Waholanzi wanavyotamani theluji. Baba Krismasi angempa baiskeli.

Nilikubali papo hapo. Hoja yake ilikuwa imenyooka, na ile baiskeli ilinichekesha. Lakini mlinzi wetu wa usiku, mzee wa Kigogo kutoka upande wa Mvumi ambaye sote tunamwita Babu, alikuwa amesimama mlangoni akisubiri tufunge.

"Mjukuu wangu," akamwambia kijana, "hiyo nyeupe endelea nayo. Mvua haichezewi."

"Lakini Babu, ni picha tu."

"Hata hiyo nyeupe ni picha tu. Mbona hujaniona nikiikataza?"

Yule kijana alikosa jibu, na mimi pia. Tangu siku hiyo nimejaribu kulitafuta.

Kwanza nilidhani Babu anasema kwa woga wa mambo ya kale. Nikajikumbusha historia ya mahali hapa. Kati ya 1917 na 1920 Ugogo ilipatwa na njaa iliyoitwa Mtunya. Majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo kwa ajili ya vita isiyokuwa yao. Kisha mvua ikakosekana, na watu hawakuwa tena na akiba ya kuwavusha. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 30,000 walikufa kati ya 150,000. Katika nchi yenye kumbukumbu ya namna hiyo, neno "mvua" halikai katika fungu moja na mapambo. Linakaa karibu na maneno kama mama, uhai, kaburi.

Wala si mambo ya mababu peke yake. Kioo kile chenye theluji kinawaka kwa umeme, na sehemu ya umeme wetu kwa miaka mingi imetoka katika maji ya Mtera na Kidatu, yaani maji ya Ruaha Mkuu na ya Kisigo, mto ambao hutegemea mvua za uwanda huu huu wetu. Mvua zilipopungua, tulipata mgawo wa umeme, na ile ya 2006 na 2011 hakuna aliyeisahau. Siku hizi kuna gesi asilia, na kuna bwawa kubwa la Julius Nyerere kule Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115, lakini nalo ni maji. Kwa hiyo theluji ya bandia inayoanguka katika chumba chetu, kwa sehemu fulani, ni mvua ya kweli iliyosafiri mbali. Sitaki kulikuza jambo hili kupita kiasi, maana programu yenyewe hula umeme kidogo sana. Nasema tu kwamba kijana alipodai kuwa mvua haikuwamo katika mchezo wake mpaka atakapoitia, hakuwa sahihi kabisa.

Na mvua yenyewe si mpole. Kumbukumbu za visima vya Makutupora, vinavyonywesha mji wa Dodoma, zinarudi nyuma hadi miaka ya 1950, nazo zinaonyesha kwamba maji ya chini ya ardhi hayaongezeki kila mwaka. Huongezeka katika miaka michache ya mvua kali, na hakuna zilizoyainua kama zile za El Niño za 1997 na 1998. Mvua zile zile zilikata barabara nyingi nchini. Nyumba za tembe, ambazo paa lake ni udongo, hazipendi mvua za namna hiyo. Kitu kinachokupa maji ya kunywa ya miaka kumi na kukuangushia nyumba kwa usiku mmoja ni vigumu kukichora kikidondoka kwa madaha juu ya ripoti ya mwezi.

Lakini hoja hii, ukiifuata mpaka mwisho, inakatazia mno. Theluji nayo huua watu katika nchi zake. Huwafukia, huwagandisha barabarani, na hata hivyo watoto wao huifinyanga sanamu. Na Wagogo wenyewe hawakuacha kuiga mvua. Watemi wa zamani walikuwa na mawe ya mvua. Katika matambiko, rangi nyeusi ilipewa heshima kwa sababu ndiyo rangi ya wingu lililoshiba. Mtu anayeleta kitu cheusi mbele ya wenzake ili mbingu iwe nyeusi anafanya mfano wa mvua, tena mbele ya umati. Babu anayajua hayo kuliko mimi. Basi hawezi kuwa anakataza mfano wa mvua kwa sababu tu ni mfano.

Nadhani tofauti iko katika kinachofanywa na mfano huo. Mfano wa mtemi ulikuwa ombi. Ulifanywa na mtu aliyepewa jukumu hilo, ambaye mvua isiponyesha alilazimika kuwakabili watu na kujieleza. Mfano wa kijana hauombi chochote na hauna wa kuulizwa. Theluji ya Xsnow ni salama kwetu kwa sababu hiyo hiyo: hakuna mtu Dodoma anayeingoja, hivyo ikianguka au isianguke hakuna anayedhihakiwa. Ila mvua ikinyesha kwenye kioo tarehe 20 Desemba, wakati mama wa mmoja wa wanafunzi wetu amepanda mbegu kwa mara ya pili kwa kuwa za kwanza zimeungua ardhini, picha hiyo inamwambia jambo fulani hata kama hatukukusudia. Waswahili husema mzaha mzaha hutunga usaha. Usaha wa hapa ni kwamba tumekizoea kitu kabla hakijaja, na tumekizoea tukiwa kivulini.

Hata hivyo, sitamwambia kijana arudi kwenye misonobari. Kwamba tunaweza kuifungua programu ya watu na kuiandika upya kwa mikono yetu ni jambo kubwa, na kijana anayetumia uhuru huo kuchora mbuyu ninamheshimu kuliko yule anayelalamikia kasumba huku amekunja mikono. Nilichompa ni sharti moja. Mvua yake isiwashwe kwa kalenda. Iwashwe siku ile ambayo mvua ya kwanza imelowesha ua wetu, hata kama ni baada ya Krismasi, hata kama ni katikati ya Januari. Picha inayofuata mvua ni shukrani, au tuseme furaha tu, na furaha haimdhihaki mtu. Inayotangulia ni ama ombi ama kejeli, na sisi hakuna aliyetupa kazi ya kuomba kwa niaba ya wengine.

Akaniuliza: na mwaka ambao haitanyesha? Nikamwambia mwaka huo kioo kitakaa kitupu. Aliona ni sharti gumu kwa kitu kidogo kama hicho. Babu, aliposimuliwa, hakusifu wala hakupinga. Alisema tu kwamba angalau tutakuwa tunatazama nje kwanza.

Kijana alifanya kazi hiyo majuma mawili. Mibuyu ilitoka vizuri, na baiskeli ya Baba Krismasi ina kapu la kuku nyuma. Kilichomkwamisha ni maji. Theluji, alinieleza, hutua juu ya dirisha na kutulia, ndivyo programu ilivyoandikwa, na ikizidi unaifagia tu. Tone la mvua halitulii. Likishuka pembeni mwa dirisha linafika chini ya kioo, na hapo maandishi ya Mholanzi hayasemi lolote. Alimwita Babu aje aone. Mzee aliinama, akayatazama matone yakipotea moja moja kwenye ukingo wa chini, akauliza kwa nini hakuna hata ndoo moja iliyokingwa.