Kabla ya Kununua Rafu, Kagua Sakafu

Wanangu mnaofungua maghala Kizota, Ihumwa na Kibaigwa, nawapongeza. Tangu Serikali ihamie Dodoma, na tangu treni ya SGR ianze kufika hapa kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, mizigo imeongezeka na kila mwenye ghala anatamani rafu za chuma za kupandisha mapaleti hadi karibu na bati. Si vibaya. Ila mimi niliyezeekea ghalani nawaomba hili: mzigo wako ndio uchague rafu, usimwachie muuzaji akuchagulie.

Tuanze na nafaka, maana ndiyo mzigo mkuu wa mkoa huu. Gunia likishaingia ghalani, maadui zake ni unyevu na wadudu. Mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Yakizidi hapo huota ukungu wenye sumukuvu, na mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara, msisahau. Dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi, naye hana subira, na dawa yake ni kufukiza. Magunia yakipangwa juu ya chaga, yakapishanishwa kama matofali, mita moja kutoka ukutani, unalifunika lundo zima kwa turubai, unalizungushia vifuko vya mchanga chini ili gesi isitoke, mfukizaji mwenye leseni anafanya kazi yake. Kwenye rafu turubai hilo litakwama kwenye nguzo, litachanika, na gesi ya fosfini itavuja. Gesi hiyo haibagui mdudu na mtu. Kwa hiyo mwenye mahindi, mtama au uwele wa magunia, fedha ya rafu nunulia chaga imara, turubai zima na kipima unyevu.

Rafu zina wenyewe. Mwenye katoni za mafuta ya alizeti, mvinyo wa zabibu zetu, mbegu au vipuri, bidhaa za aina nyingi zenye tarehe mbalimbali, huyo zinamfaa. Achukue zile ambazo kila paleti inafikiwa peke yake kutoka ujiani. Ziko nyingine ambazo foklifti inaingia ndani ya rafu na kupanga paleti nyuma ya paleti. Zinameza mzigo mwingi kwa nafasi ndogo, lakini kilichotangulia kuingia kinakuwa cha mwisho kutoka. Ukiweka mbegu humo, utauza mpya huku za zamani zikipoteza uotaji kule nyuma. Na ujia upimeni kwa foklifti mtakayoitumia, ikiwa imebeba paleti.

Sasa sakafu, ambayo vijana wengi hawaiulizi. Piga hesabu nami. Paleti moja yenye katoni za jumla ya kilo 1,000 ni tani 1. Kila chumba cha rafu, yaani nafasi kati ya fremu mbili, kina ngazi tatu za mihimili, kila ngazi paleti mbili: tani 6. Fremu ya katikati inabeba nusu ya chumba cha kulia na nusu ya kushoto, tani 6 tena, kwa miguu miwili. Kila mguu tani 3, juu ya bamba linalokaribia ukubwa wa kiganja. Lundo la magunia linatawanya uzito wake. Mguu wa rafu unachoma mahali pamoja. Zege jembamba litapasuka, nguzo itainama.

Tena Bonde la Ufa liko upande wetu, na ardhi ya Dodoma hutikisika. Kila mguu ufungwe kwa bolti ndani ya zege, kila ncha ya mhimili iwe na pini yake. Usipandishe mhimili wa chini kwa kubahatisha ili paleti ndefu ienee. Ukiupandisha, nguzo inapungua nguvu. Nguzo iliyogongwa ikapinda msiinyooshe kwa nyundo. Shusheni mzigo, mbadilishe nguzo.

Chini ya mihimili hiyo wanapita makuli mnaowalipa kwa kutwa, na wana watoto nyumbani. Kabla hujatoa malipo ya awali, mlete mhandisi aikague sakafu, na muuzaji akuandikie kwa maandishi uzito ambao kila ngazi inabeba. Akikataa kuandika, usinunue kwake.