Poda ya Daktari Hjorton

Kusini mwa Sweden, kando ya Ziwa Vättern, upo mji mdogo wa Huskvarna ulioishi kwa kutegemea kiwanda. Kiwanda chenyewe kilianza na bunduki mwaka 1689, baadaye kikaongeza cherehani, baiskeli na pikipiki. Mafua makali ya 1918 yalipoingia, daktari mmoja wa mji huo, Hjorton, aliwachanganyia wagonjwa poda ya kutuliza homa na maumivu: nusu gramu ya fenasetini, nusu gramu ya fenazoni, na kafeini kidogo. Mafua yakaisha, watu wakaendelea na poda.

Wafanyakazi waligundua kwamba ukiinywa unachangamka na kazi inakwenda. Walikaribishana kiwandani kama watu wanavyokaribishana sigara, na siku ya kuzaliwa mtu aliweza kuletewa pakiti ya poda iwe zawadi. Hakuna aliyejiona ana kosa. Ni dawa, imetoka kwa daktari, inauzwa hadharani. Aliyeikosa siku moja aliumwa kichwa, maana mwili uliozoea kafeini huidai; akiinywa kichwa kinatulia, naye anazidi kuamini kuwa poda inamfaa.

Miaka mingi ilipita ndipo figo zikaanza kushindwa.

Kwa nini figo? Mtu anazo mbili, kila moja kadiri ya ngumi yake, zimejificha nyuma ya matumbo, kushoto na kulia kwa uti wa mgongo. Kila dakika hupokea lita moja hivi ya damu, karibu sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Katika tabaka la nje damu hiyo hupita kwenye vichujio vidogo mno, kama milioni moja kwa kila figo, navyo kwa siku huchuja takriban lita 180 za majimaji. Tunachokojoa ni kama lita moja na nusu. Zilizobaki zote hurudishwa mwilini pamoja na sukari na chumvi tunazozihitaji, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye ufundi wenyewe, ingawa shuleni wengi tulikaririshwa kuchuja tu.

Tabaka la ndani limegawanyika katika piramidi, ncha zake zikielekea mahali mkojo unapokusanyika kabla ya kushuka kibofuni. Humo, kadiri unavyokaribia ncha, chumvi inazidi, na chumvi hiyo ndiyo inayoyavuta maji yarudi mwilini. Lakini ili chumvi isisombwe, damu inayofika huko ni kidogo, kwa hiyo oksijeni nayo ni haba. Maji yakishaondoka, vinavyobaki vinakolea, dawa ikiwa mojawapo. Huko nchani ndiko fenasetini na mabaki yake vilikoumiza. Ncha zilikufa polepole, nyingine zikamomonyoka. Mgonjwa wa namna hii anaweza hata kukojoa kipande cha nyama ya figo yake mwenyewe.

Kabla ya kufika huko, dalili ni za kupuuzwa. Figo iliyopoteza ncha haiwezi kukoleza mkojo, basi mtu anaamka usiku kukojoa, mkojo mwingi na mweupe kama maji. Nani ataenda hospitali kwa hilo? Figo pia hutoa homoni inayouamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu. Homoni ikipungua damu inapungua, mtu anachoka ovyo, kichwa kinamgonga. Na Huskvarna kila mtu alijua dawa ya uchovu na kichwa.

Mwaka 1961 Sweden ilizuia dawa zenye fenasetini zisiuzwe bila cheti cha daktari. Miaka miwili baadaye daktari Kurt Grimlund alichapisha uchunguzi wake kuhusu poda na vifo vya figo kiwandani. Marekani iliiondoa fenasetini sokoni mwaka 1983.

Kwetu siku hizi dawa za maumivu zinazozoeleka hivyo ni diklofenaki na ibuprofeni. Hizi zina njia yake: zinazuia kemikali zinazosaidia kuuacha wazi mshipa unaoingiza damu kwenye kichujio. Mtu mzima wa afya akizimeza siku mbili kwa maumivu ya jino, kwa kawaida hadhuriki. Mzee wa presha anayemeza pia vidonge vya kupunguza maji mwilini, au mbeba zege aliyeshinda juani bila kunywa maji, au mgonjwa wa kuhara na kutapika, anaweza kuharibikiwa figo ndani ya siku chache. Muuzaji wa duka la dawa hayajui hayo usipomwambia. Wewe umetaja jina la dawa tu, yeye anakata vidonge kumi kwa mkasi, anavitia kwenye bahasha ndogo, anaandika 1x3. Karatasi ya maonyo imebaki ndani ya boksi, kabatini.

Kipimo cha kreatinini, taka ambayo figo huiondoa kwenye damu, kinasaidia kugundua madhara hayo, lakini mara nyingi hakionyeshi ubaya hadi karibu nusu ya uwezo wa figo umeshapotea. Ndiyo maana mwenye presha, mwenye kisukari, au aliyezoea vidonge vya mgongo hupimwa na mkojo pia, kuangalia kama protini imeanza kuvuja.