Deni Langu kwa Kongoni

Mtu akikosea, aghalabu chombo ndicho kinachosingiziwa kwanza. Dereva husingizia breki, mshonaji husingizia sindano, mpishi husingizia kuni mbichi. Mimi nilisingizia bunduki. Nakisimulia kisa hiki si kwa kuwa kinanipa sifa, bali kwa sababu kiliniachia swali ambalo halijanitoka: mtu mwenye fedha kidogo anapotaka kutengeneza silaha yake ya kuwindia, amfikirie nani kwanza?

Bunduki yenyewe niliirithi kwa marehemu baba, kwa kufuata taratibu zote za leseni. Ni .303 ya Kiingereza, Lee-Enfield Namba 4, aina iliyobebwa na askari wa Uingereza na makoloni yake katika Vita Kuu ya Pili. Baada ya vita, nyingi ziliuzwa kwa raia. Mafundi walizipunguza mbao za mbele ili ziwe nyepesi, zikaitwa bunduki za kuwindia. Baba aliipata yake katika miaka ya 1960. Serikali ilipofunga uwindaji Tanzania mwaka 1973 ilikaa kimya, mpaka uwindaji ulipofunguliwa tena mwaka 1978. Kitako chake kilikuwa na ufa, ambao baba aliuziba kwa kipande cha mninga.

Baba alikuwa na usemi mmoja kila alipoishika bunduki hiyo: "Mnyama wa karibu mlenge chini. Risasi hii ina kiburi, hupanda yenyewe." Mimi niliyekwenda shule niliuweka usemi huo katika fungu moja na hirizi za wawindaji wa zamani. Nilijua kwamba risasi huvutwa na ardhi kama jiwe lolote. Itapandaje?

Mwaka ule nilikuwa na kibali cha kongoni mmoja, katika pori la miombo kusini ya Tabora. Asubuhi ya siku ya pili tulimkuta dume amesimama ubavu kando ya mbuga, hatua mia moja hivi kutoka tulipokuwa. Niliegemeza bunduki kwenye mti, nikalenga katikati ya kifua nyuma ya bega, kama vitabu vinavyosema, nikafyatua. Kongoni alianguka palepale. Mzee aliyekuwa akinisaidia kufuata nyayo alianza kutoa kisu chake. Kabla hatujafika, mnyama aliinuka, akayumba, akakimbia.

Tulimfuata mpaka jua likazama. Mwanzoni kulikuwa na damu kwenye majani, kisha tone hapa na tone pale, kisha hapakuwa na kitu. Kesho yake tulirudi, tukazunguka mpaka adhuhuri, tusimpate. Yule mzee aliniambia neno moja tu: "Umempiga juu ya uti wa mgongo, mwanangu. Risasi ikipita hapo mnyama hupigwa bumbuwazi, kisha huamka na maumivu yake." Hakunilaumu, na kwa kuwa hakunilaumu, nililala vibaya zaidi.

Niliporudi nyumbani nilikuwa nimekwisha kutoa hukumu, na mshitakiwa alikuwa bunduki. Imezeeka, nilisema. Mtutu umekwisha. Inahitaji darubini, kitako kipya, na kifyatulio laini. Nilikuwa na laki nne nilizoziweka akiba, nikaanza kuandika orodha. Darubini nzuri na vishikio vyake peke yake ingemeza mara mbili ya fedha hizo. Nikaanza kufikiria kukopa. Mke wangu aliisoma ile orodha, kisha akaniuliza kwa upole, "Baba, fedha hizi ni za kumhurumia mnyama, au ni za kukuondolea wewe aibu?"

Sikumjibu. Lakini nilikwenda kwa fundi wa bunduki mwenye leseni, mzee aliyezoea kazi hiyo tangu ujana wake, nikamweleza mahitaji yangu. Hakutazama orodha. Alichungulia ndani ya mtutu, akajaribu parafujo moja moja, kisha akasema kwamba kabla ya kununua chochote ni lazima tuiulize bunduki yenyewe. Tulikwenda mahali panaporuhusiwa kupiga shabaha, tukabandika karatasi umbali wa yadi 100, akaniketisha mezani na mfuko wa mchanga chini ya bunduki. Nilipiga risasi tatu. Zote tatu zingefunikwa na kisosi cha kikombe cha chai. Lakini hazikuwa katikati ya karatasi. Zilikuwa juu kwa karibu upana wa kiganja na nusu.

"Bunduki yako haitawanyi," fundi alisema. "Inapiga pamoja, ila inapiga juu. Na ndivyo ilivyoagizwa."

Akanionyesha kilengeo cha nyuma, kile kibati chenye tundu. Katika bunduki nyingi za aina hii kibati hicho kina nafasi mbili tu: yadi 300 na yadi 600. Kiwandani hawakumfikiria swala wala kongoni. Walimfikiria mtu, adui aliye upande wa pili wa uwanja. Ili risasi ifike mita 270 bila kuanguka chini ya shabaha, ni lazima mtutu uelekezwe juu kidogo kuliko jicho. Basi risasi hupanda kwanza na kuuvuka mstari wa jicho, halafu ndipo hushuka kuurudia kule mbali. Kwenye yadi 100 bado iko juu. Fundi aliyekata mbao baada ya vita aliigeuza sura ya bunduki, lakini hakuigeuza akili yake. Iliendelea kumtafuta mtu aliye yadi 300.

Nikamkumbuka baba. Hakuwahi kusoma chochote juu ya mwendo wa risasi, lakini aliijua ile bunduki kama mkulima anavyojua jembe lililopinda mpini. Risasi yake ilikuwa na kiburi kweli, na ilipanda kweli. Nilirithi mtutu na kitako, nikaukataa ule usemi uliokuwa nusu ya urithi wenyewe. Hivyo bunduki iliponishitaki mbele ya ile karatasi, sikuwa na wakili.

Matengenezo yaliyofuata yalikuwa madogo kiasi cha kunitahayarisha. Kilengeo cha mbele cha bunduki hii ni kijipande cha chuma kinachoweza kutolewa, nacho kilitengenezwa kwa vimo mbalimbali. Ukiweka kirefu zaidi, risasi hushuka. Tofauti iliyohitajika kwangu ilikuwa milimita moja na kidogo. Milimita moja ndiyo iliyokuwa kati ya kongoni kufa mara moja na kongoni kutangatanga porini na jeraha. Fundi alikibadilisha. Akakaza parafujo, maana mbao husinyaa wakati wa kiangazi na chuma hubaki kinacheza. Pale mbao zilipoacha nafasi, akazijaza ili mtutu ukae mahali pamoja kila risasi. Akausafisha mtutu kwa maji ya moto kwanza, kisha mafuta. Aliniambia kwamba risasi za zamani za kijeshi zilikuwa na fataki zinazoacha chumvi, na chumvi hiyo huvuta unyevu na kuleta kutu. Mafuta hayaiondoi, maji huiyeyusha. Kutu kidogo niliyoiona ndani ilitokana na risasi hizo, na na uvivu wa mimi na baba.

Haya yote hayakufika nusu ya fedha zangu. Sehemu kubwa ya iliyobaki fundi alinishauri niinunulie risasi zenye ncha laini, zinazofaa mnyama, nizitumie kwenye karatasi kabla ya kuzitumia porini. Nilizipiga kwa kukaa, kwa kupiga goti, na kwa kusimama. Hapo niligundua jambo jingine ambalo darubini isingeniambia: nikiwa nimesimama bila kuegemea, sistahili kumpiga mnyama aliye zaidi ya hatua hamsini. Hilo si kosa la bunduki wala la kilengeo. Ni mimi.

Tangu hapo nimekuwa na kipimo kimoja ninachokitumia kwa kila gharama ya namna hii. Najiuliza: je, kitu hiki kitapunguza uwezekano wa kumjeruhi mnyama, au kitanipa tu ujasiri wa kumpiga kutoka mbali zaidi? Nusu ya vitu vilivyokuwa kwenye orodha yangu vilikuwa vya aina ya pili. Vilikuwa vya kurefusha tamaa.

Najua mtu atasema kwamba darubini humwezesha mwindaji kuona vizuri, na anayeona vizuri hulenga vizuri. Ni kweli, na mwenye macho yaliyochoka ana haki ya kuinunua kwa sababu hiyo. Lakini darubini hukuza jicho, haikuzi mkono. Hatari yake ni kwamba mnyama aliye mbali huonekana yuko karibu, na mtu huamini kile anachokiona. Aliyekuwa akiheshimu hatua mia moja huanza kujaribu mia tatu. Ikiwa amejizoeza, heri. Ikiwa hakujizoeza, amenunua njia ya gharama kubwa ya kufanya kosa nililolifanya mimi bure.

Mwingine atauliza swali gumu zaidi: je, ina maana maskini asiwinde? Nami nilijiuliza hivyo, maana sikuwa na fedha za kutosha. Lakini tumfikirie mwenye daladala asiye na fedha za kutengeneza breki. Tunamhurumia, tunaelewa shida zake, lakini hatumruhusu aingie barabarani, kwa sababu atakayelipa upungufu wake ni abiria. Umaskini hueleza kwa nini sikuweza. Hauhamishi deni langu kwenda kwa mwingine. Kama sina hata uwezo wa kujua risasi yangu inakwenda wapi, basi mwaka huo sipigi. Kongoni hakukubali kunidhamini.

Na yuko atakayecheka na kusema, mnyama mwenyewe ni wa kuliwa, kuna tofauti gani? Naona tofauti hiyo wahenga wetu waliijua. Waislamu hufundishwa kunoa kisu kabla ya kuchinja ili mnyama asiteswe. Hakuna anayedhani kwamba kunoa kisu ni anasa ya mchinjaji. Ni haki ya anayechinjwa. Jiwe la kunolea ni la bei ndogo, ndiyo maana asiyenoa hana udhuru. Kile kijipande changu cha chuma kilikuwa jiwe la kunolea, nami nilikaa na kisu butu miaka mingi nikiwaza kununua upanga.

Hapo ndipo ninapoona faida ya fedha kidogo. Ningekuwa na fedha nyingi siku ile, ningenunua kila kitu kwenye orodha, na huenda bunduki ingepiga sawasawa bila mimi kujua kosa lilikuwa wapi. Ningeendelea kuamini kwamba baba alikuwa mshirikina na kwamba bunduki yake ilikuwa mbovu. Ufinyu wa mfuko ulinilazimisha kuuliza kabla ya kununua, na katika kuuliza nilikutana na nafsi yangu.

Sisemi kwamba nimetakasika. Wako wanaoona kuwa kuwinda kwenyewe ni kosa, na usiku mwingine nawasikiliza kwa makini zaidi kuliko ninavyokiri mchana. Nchi jirani ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sidhani kwamba waliofanya hivyo walikuwa wajinga. Lakini maadamu nawinda, siwezi kujificha nyuma ya swali hilo kubwa ili kulikwepa hili dogo lililo mikononi mwangu.

Msimu uliofuata nilipata kibali tena. Tulimwona dume mmoja, mzuri kuliko yule wa kwanza, ng'ambo ya mbuga. Yule mzee wangu alikadiria hatua mia mbili na zaidi, na upepo ulikuwa ukibadilika. Aliniangalia. Nilitikisa kichwa. Tulijaribu kumkaribia kwa kutambaa, akatunusa, akaenda zake. Tulirudi kambini mikono mitupu, tukala ugali na maharage. Mzee alikuwa mchangamfu kuliko kawaida, akanisimulia habari za baba nilizokuwa sijawahi kuzisikia.

Deni la kongoni yule wa kwanza siwezi kulilipa, kwa kuwa simjui alikoangukia. Ninaloweza ni kutoongeza jingine juu yake. Na mwanangu anapoishika ile bunduki kwa leseni yake mwenyewe, namweleza habari za yadi 300, na milimita moja, na chumvi ndani ya mtutu. Kisha namwambia alichosema babu yake, neno kwa neno.