Kuuimbia Mwezi

Wapo wahubiri, hapa Bunia, mkoani Ituri, mashariki mwa Kongo, kama kwingineko, wanaozigawa nyimbo mafungu mawili tu: za Mungu na za dunia. Wimbo wa mapenzi unaousemesha mwezi kama mtu hutupwa fungu la pili, na wakali zaidi huuita ibada ya sanamu. Hofu yao si ya kupuuzwa. Kumbukumbu la Torati 4:19 inamwonya Mwisraeli asije akatazama jua, mwezi na nyota akavutwa kuvisujudia, na Qur'ani 41:37 inakataza sijda hiyohiyo. Lakini kinachokatazwa ni kusujudu. Zaburi ya 148 inaugeukia mwezi wenyewe na kuutaka umsifu Bwana; mtunzi hakuona haya kusema na kitu kisicho na masikio. Ayubu naye, akijitetea katika sura ya 31, anautaja mwezi uendao kwa fahari, ila uzito wa kiapo chake uko kwenye moyo kushawishiwa kwa siri na kinywa kuubusu mkono. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwimbaji ni moja: unatarajia mwezi ukupe nini?

Wahubiri hao watajibu kwamba mambo haya huanza kidogo kidogo. Uru na Harani, miji aliyopitia Ibrahimu, ilikuwa na mahekalu ya mungu mwezi, na Yoshua 24:2 inakiri kwamba Tera, baba yake, alitumikia miungu mingine. Ni kweli. Ila huko kulikuwa na makuhani, na sadaka, na watu waliongoja neema kutoka kwa mwezi. Wimbo wa mapenzi hauna hata kimoja cha hivyo. Unachotaka kwa mwezi ni kushuhudia tu, kwa sababu rahisi kwamba waliotengana wanauona mmoja. Mwaka 2018 maelfu ya watu wa Ituri walivuka Ziwa Albert wakafikia kambi ya Kyangwali, Uganda. Mwezi ulio juu ya Bunia ndio huohuo ulio juu ya Kyangwali, wakati uleule, na aliyeachwa nyuma akiuomba umpelekee salamu mwenzake anajua fika kwamba hauwezi. Wimbo mzima umejengwa juu ya huko kutoweza. Ndiyo maana hata safari ya Apollo 11 kwenda mwezini, Julai 1969, haikuzinyamazisha nyimbo hizi: hakuna mwimbaji aliyekuwa akingoja jibu.

Mfano mgumu zaidi uko hukuhuku Ituri, na asiyeugusa anakwepa. Mwanaanthropolojia Colin Turnbull, aliyeishi na Wambuti, watu wa msituni, huko Epulu, upande wa Mambasa, anasimulia katika kitabu chake cha mwaka 1961, The Forest People, jinsi alivyomkuta usiku kijana aitwaye Kenge akicheza peke yake kwenye mbalamwezi. Alipoulizwa kwa nini yuko peke yake, Kenge alikana: alikuwa akicheza na msitu, akicheza na mwezi. Hapa siwezi kusema ni maneno ya mapenzi tu. Kwa Wambuti, kama Turnbull anavyowaeleza, msitu ni baba na mama, na balaa likizidi huimbwa ili msitu uamke uwatunze wanawe. Hiyo ni dini, na mhubiri ana haki ya kubishana nayo kama dini. Hata hivyo, katika tukio lile Kenge hakuinama wala hakuomba chochote. Mwezi alikuwa mwenzake wa ngoma. Anayeliita jambo hilo ibada ya sanamu ajiandae kumshtaki na Fransisko wa Asizi, mtakatifu wa karne ya 13, aliyeuita mwezi dada.

Na mhubiri ajitazame pia. Pasaka anayoisherehekea hupangwa kwa mwezi mpevu, na kila anayesoma kwa Kifaransa huenda aliimbishwa Au clair de la lune utotoni, wimbo wa mtu anayegonga mlango wa jirani usiku akitafuta kalamu na moto. Mwezi humo ni taa tu, wala hakuna aliyewahi kuutolea wimbo huo hukumu. Nyimbo zetu zipimwe kwa mizani hiyohiyo: ukikuta wimbo unaouomba mwezi mvua, mtoto au ushindi, ukemee, ukikuta unautuma salamu, uache uimbwe.