Nyumba Yenye Nia Mbili

Wanangu, haupiti mwaka mmoja wenu asije barazani kwangu na habari ileile: amepata nyumba mjini, Tabata au Kinyerezi au Mbagala, na anataka kuinunua. Nikimuuliza ya nini, hujibu, "Nitapangisha kwanza, mzee, halafu tutaona. Huenda siku moja nikaja kuishi mwenyewe." Jibu hilo hunitia hofu kuliko hata bei, na leo nataka niwaeleze sababu.

Nia mbili hufichiana aibu. Kodi ikiwa haba isiyolingana na fedha mliyotoa, mtajituliza kwamba hata hivyo hayo ni makazi yenu ya baadaye. Vyumba vikiwa na giza, maji ya kisima yakiwa ya chumvi, njia ikiwa haipitiki masika, mtasema si neno, hapo watakaa wapangaji. Hivyo nyumba ambayo mfanyabiashara angeikataa, na mama wa watoto angeikataa pia, inanunuliwa kwa sababu hakuna swali lililoulizwa mpaka mwisho. Dar es Salaam nimeziona nyumba za namna hiyo nyingi. Mwenyewe akistaafu moyo haumtumi kuhamia, na akitaka kuuza hapati mtu wa kumrudishia alichotoa.

Hebu shikeni kalamu. Tuseme nyumba ni shilingi milioni 120 na mpangaji analipa 500,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 6, yaani asilimia 5 ya fedha yenu, na hapo hamjatoa kodi ya Serikali ya asilimia 10 ya pango, hamjamlipa dalali wala fundi wa paa, hamjahesabu miezi ambayo nyumba ilikaa tupu. Mkikopa milioni 80 kwa riba ya asilimia 15, riba ya mwaka wa kwanza peke yake itakaribia milioni 12, mara mbili ya pango lote. Anayewaambia kwamba mpangaji atawalipia mkopo hajapiga hesabu hiyo. Atakayelipa ni mshahara wenu, kwa miaka ileile ambayo watoto watakuwa wanadai ada. Mzigo huo mtu anaweza kuubeba kwa ajili ya nyumba anayoitaka kweli kuishi. Kuubeba kwa ajili ya nyumba asiyoijua ni ya nini, huko ni kujiumiza.

Sisi tuliokulia Ilala na Kariakoo tulikuta kupangisha kwa namna nyingine. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa na vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, na uani jiko, choo na bafu. Mwenye nyumba alikaa vyumba vyake na vingine akapangisha. Bati likivuja, lilimvujia na yeye. Mpangaji akiuguliwa na mtoto, alijua usiku uleule. Hakuwa na haja ya kuwaza kama siku moja atakuja kuishi hapo, kwa kuwa alikuwapo, na nyumba ilidumu kwa sababu macho yake yalikuwa ndani. Siwaambii mrudi kupanga foleni ya bafu uani. Lakini kijana anayenunua kiwanja, akajenga nyumba yake mbele na vyumba viwili vitatu vya kupangisha nyuma, huyo namwelewa kuliko anayemiliki nyumba ya mbali asiyoijua hata sauti ya mlango wake. Pwani hii ina hewa ya chumvi. Nondo hupata kutu, zege likapasuka, plasta ikabanduka, na mpangaji hana sababu ya kuwapigia simu mapema kwa ufa ambao si wake.

Kuna jambo la historia ambalo vijana wengi hawakufundishwa, nami ningependa mlijue. Aprili 1971 Serikali ya Mwalimu Nyerere ilipitisha Sheria ya Utwaaji wa Majengo. Majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yaliyokuwa yakipangishwa yalichukuliwa na kukabidhiwa kwa Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Nyumba aliyokuwa akiishi mwenyewe na familia yake iliachwa. Majengo yaliyokuwa na umri wa zaidi ya miaka kumi hayakulipwa fidia. Wapo wazee wa mji huu waliojenga ghorofa la kuwahifadhi uzeeni, wakawa wanalipangisha wakingoja uzee huo, na wakalikosa. Sisemi sheria ile itarudi. Nasema sheria haisomi nia iliyo moyoni, inatazama nani analala ndani. Hata leo ni hivyo. Mkiuza nyumba mnatozwa kodi ya ongezeko la mtaji, na msamaha wa makazi binafsi unamtaka mtu awe ameimiliki nyumba kwa miaka 3 au zaidi, awe ameishi ndani kwa jumla ya miaka isiyopungua 3, tena faida yenyewe isizidi shilingi milioni 15. Kusema "nilikusudia kuishi" hakumsaidii mtu mbele ya ofisa wa kodi.

Jiji nalo halikai likiwasubiri. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, mita 121.5 kila upande kutoka katikati. Kabla ya hapo, Desemba 2011, bonde la Msimbazi lilifurika, na wakazi wa mabondeni wakapelekwa Mabwepande. Nyumba utakayoihitaji baada ya miaka ishirini yapaswa kuchunguzwa kwa macho ya miaka ishirini. Nendeni ofisi ya mipango miji mkaione ramani, mjue barabara itapita wapi na maji yanakwenda wapi. Hati ipekuliwe kwa msajili wa hati, ijulikane jina ni la nani na kama haimo kwenye rehani ya benki. Muhuri wa serikali ya mtaa ni wa ushahidi tu, na leseni ya makazi ni haki ya muda mfupi. Someni pia miaka iliyobaki. Hati zetu ni za miaka 33, 66 au 99, na nyumba kongwe za katikati ya mji zinaweza kufikia ukomo wa hati wakati uleule mnaofungasha kuhamia. Na muuzaji akiwa na mke au mume, ulizeni ridhaa yake, iandikwe, kwani Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila mwenzake kukubali.

Ninalowaomba zaidi ya yote ni hili: kabla ya kununua nyumba mnayodhani mtazeekea, pangeni chumba katika mtaa huo kwanza. Kaeni kuanzia Machi mpaka Mei, masika yapite juu yenu. Mjue maji ya bomba yanatoka siku zipi, gari la majitaka linafika au halifiki, na usiku pana baa gani. Mtembee mpaka zahanati mkijifikiria na magoti yangu. Ghorofa ya tatu isiyo na lifti ni rahisi mtu akiwa na miaka thelathini. Kuna mjane namfahamu, mumewe alimwachia fleti nzuri juu, naye siku hizi hushuka mara chache mno, wajukuu ndio wanaompandishia ndoo na mkaa. Hakuna aliyemtazamia uzee wakati wa kununua. Kama hamuwezi kuvumilia mtaa huo msimu mmoja mkiwa na nguvu, msiutarajie kuwa kimbilio lenu nguvu zikiisha.

Mkishafanya hayo yote na bado mkataka kununua, kumbukeni kwamba ndani ya nyumba hiyo kutakuwa na watu. Mpangaji analipa miezi sita au mwaka mzima mkupuo, anatafutia watoto shule ya jirani, anazoea duka la kukopa unga. Miaka inapita, mtaa unakuwa wake kuliko wenu. Kisha siku moja mnampigia simu kwamba mnarudi kwenu. Nimewaona waliotolewa hivyo, vyombo vikiwa nje, katikati ya muhula wa shule. Mwambieni tangu siku ya kwanza kwamba huenda mkaja kuishi. Liandikwe kwenye mkataba, pamoja na muda wa notisi, nao usiwe chini ya miezi sita, ili naye apange maisha yake akijua.